Kengele, Kamusi na Waya wa Baharini

Ukipanda matatu kutoka mjini ukavuka daraja la Nyali, utamsikia makanga akiita Kengeleni. Watu hushuka, hununua maji ya chupa au machungwa ya kumenywa, kisha hudandia gari jingine la Bamburi au Mtwapa. Jina limezoeleka mpaka halisikiki tena. Lakini kengele yenyewe ipo pale pembeni mwa barabara, imening'inia kwenye mnara wake mdogo, na ina kisa kinachotosha masomo ya muhula mzima.

Mwaka 1872 serikali ya Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere Zanzibar kumbana Sultan Barghash kuhusu biashara ya watumwa. Mwezi Juni 1873 mkataba ukatiwa sahihi na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Biashara haikuisha siku ile. Majahazi yaliendelea kupita kwa kificho, na manowari za Waingereza ziliyawinda. Kila jahazi lilipokamatwa, swali lilikuwa lilelile: hawa watu waende wapi? Wengine walitolewa makwao wakiwa watoto wadogo, na kwao kwenyewe kulikuwa mwendo wa miezi barani. Mwaka 1875 Church Missionary Society, yaani CMS, wakaanzisha kijiji cha walioachwa huru hapo Kisauni, ng'ambo ya kisiwa. Wakakiita Freretown kwa heshima ya yule bwana wa mkataba. Kengele ilikuwa ya kuita watu, na pia ya kuwatahadharisha wakati waliotaka kuwateka tena walipoonekana.

Freretown ilikuwa kijiji, lakini zaidi ya hapo ilikuwa shule. Waliofika walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengine wengi, kila mmoja na lugha yake, wakafundishwa kusoma na kuandika kwa Kiswahili. Baadhi ya viongozi na walimu wao walikuwa Waafrika waliowahi kuokolewa baharini utotoni, wakapelekwa India, wakasomea Nasik, kisha wakarudi pwani hii wakiwa na ufundi na Kiingereza chao. Vitabu vilikuja kwa meli. Karatasi ilikuja kwa meli. Elimu ilikuwa bure kwa maana ya kwamba hakuna aliyedaiwa karo, ila ilikuwa na masharti: sala, nidhamu ya misheni, na jina jipya la ubatizo.

Katika kijiji hicho ndipo ilipotoka familia ya James Juma Mbotela. Mwaka 1934 kitabu chake, Uhuru wa Watumwa, kilichapwa, kikiwasimulia watu wa Freretown na njia waliyopita mpaka wakafika hapo. Mwanawe, Leonard Mambo Mbotela, ndiye yule mtangazaji ambaye wazazi wetu walimsikiliza redioni akiuliza kama huu ni ungwana. Nyumba moja, vizazi viwili: baba kwenye kitabu, mwana kwenye redio.

Sasa niulize. Mtoto anayesoma shule iliyo karibu na kengele hiyo anajifunza nini kuihusu? Kitabu cha kiada kina kazi ya kuhudumia nchi nzima, kuanzia Lodwar hadi Vanga. Hakiwezi kukaa Kisauni kurasa kumi. Simlaumu aliyekiandika. Lakini kuna mahali pengine penye nafasi ya kurasa kumi, hata elfu kumi, na mahali hapo pako ndani ya simu ya mwalimu. Shida yetu ni kwamba tunapafikiria kama pahala pa TikTok na matokeo ya mpira tu.

Tuanze na kamusi. Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na CMS, alifika Mombasa. Mwezi Julai mwaka huohuo mkewe, Rosine, na mtoto wao mchanga wakafariki, wakazikwa upande huu wa bara. Miaka miwili baadaye akaungana na Johannes Rebmann wakajenga kituo Rabai. Kwa muda wote huo Krapf alikuwa akikusanya maneno. Aliyakusanya kutoka kwa watu wa Mvita, kwa hivyo kamusi yake ya Kiswahili, iliyochapwa London mwaka 1882 yeye akiwa amekwisha kufa, imejaa Kimvita. Leo kamusi hiyo iko Internet Archive, imepigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Huombwi kitambulisho, huombwi karo. Unafungua unasoma.

Kwa nini jambo hilo lina uzito? Kwa sababu mwaka 1928 ulifanyika mkutano wa kuamua ni Kiswahili kipi kitakuwa cha vitabu na shule za Afrika Mashariki. Mkutano ulifanyika Mombasa hapahapa, na Kiunguja ndicho kilichochaguliwa. Ndiyo maana mpaka leo mtoto wa Likoni akisema "ndoo" badala ya "njoo", au "ndia" badala ya "njia", anakatwa kalamu nyekundu. Anajiona hajui Kiswahili, yeye ambaye bibi yake hakuwahi kuzungumza lugha nyingine. Mweke mtoto huyo mbele ya kamusi ya 1882. Mwambie: haya, yatafute maneno ya nyumbani kwenu humu, uone yapi yamo na yameandikwaje. Atagundua mwenyewe kwamba neno alilochekewa lilikuwa kwenye maandishi kabla ya huyo anayemcheka kuzaliwa. Mtihani wake bado atauandika kwa Kiswahili sanifu, sawa. Lakini atajua kwamba sanifu ni uamuzi wa watu waliokaa mezani, na kwamba kwao lugha haikuwa imeharibika.

Hebu nifike kwangu kidogo. Mimi chuo nilikiacha njiani. Karo ilishinda. Siku jina langu lilipotolewa kwenye orodha, nenosiri la maktaba ya mtandaoni likafa nalo. Jana yake nilikuwa naweza kusoma makala za wasomi kuhusu Mombasa yangu mwenyewe. Kesho yake ukurasa uleule ukaniambia nilipe dola kadhaa kwa makala moja. Ndipo nikaanza kutafuta milango isiyokuwa na kufuli, na nikashangaa wingi wake. Wengi wetu huku bara tuko nje ya lango la aina hiyo, tena walimu wa shule za msingi wakiwemo. Kwa hivyo ninaposema "bure" sizungumzii starehe. Nazungumzia nani anaruhusiwa kujua.

Na hiyo bure haikushuka kama mvua. Ina watu na tarehe. Internet Archive ilianzishwa Marekani mwaka 1996. Wikipedia ilianza 2001, na ya Kiswahili ikafuata 2003. Mwaka huohuo wa 2001, chuo cha MIT kilitangaza kwamba kitaweka masomo yake wazi mtandaoni, na Creative Commons ikaanzishwa, kisha mwishoni mwa 2002 ikatoa leseni zinazomwezesha mwandishi kusema: chukua, nakili, tafsiri, ila nitaje. Julai 2002 UNESCO iliwakusanya watu Paris, na hapo nyenzo huria za elimu zikapata jina rasmi. Kwa vitabu vya zamani kama cha Krapf, kazi inafanywa na sheria yenyewe: haki ya kunakili ina mwisho, na huku Kenya inaisha miaka 50 baada ya mwandishi kufa. Baada ya hapo kitabu ni cha umma. Ni chako.

Ila wakati hayo yote yanafanyika, sisi tulikuwa tunavuta intaneti kwa setilaiti, polepole na kwa bei ya kuumiza. Mwaka 2009 ndio mambo yalipobadilika, na yalibadilikia Mombasa. Mwezi Juni waya wa TEAMS kutoka Fujairah kule Emirati ulitia nanga hapa. Mwezi Julai SEACOM ikawashwa. EASSy ikafuata 2010 na LION2 mwaka 2012. Njia iliyopitwa na majahazi ya kusi na kaskazi kwa karne nyingi sasa inapita mwanga ndani ya waya. Na haikuwa mara ya kwanza: waya wa simu ya maandishi kutoka Zanzibar ulifika Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, ukawatumikia makampuni na maafisa. Mtu wa Changamwe hakuwa na habari nao. Ndiyo hofu yangu na huu wa sasa. Intaneti ya Kampala, ya Kigali na ya Nairobi inapita chini ya miguu yetu, halafu darasa la Mtongwe linabaki na chaki.

Basi mwalimu afanye nini na mali hii? Nachukua mfano mmoja: kivuko cha Likoni. Kila mwanafunzi wa kule anakijua. Amekisubiri, amesukumwa ndani yake, ameona magari yakikwama kupanda mteremko maji yakiwa yamekupwa sana. Chukua kivuko hicho ukipitishe kwenye masomo yote ya wiki.

Hesabu kwanza. Kituo cha usawa wa bahari cha Chuo Kikuu cha Hawaii kinaweka wazi vipimo vya maji vya bandari nyingi duniani, Mombasa ikiwemo, saa kwa saa. Mwalimu apakue wiki mbili tu, aandike namba ubaoni, na wanafunzi wachore grafu. Watauona mstari ukipanda na kushuka mara mbili kwa siku, na wataona siku ambazo mawimbi yake ni marefu na siku ambazo ni mafupi. Hapo Kiswahili kinaingia chenyewe, manake hizo siku zina majina: bamvua na maji mafu. Wavuvi wanayajua. Kitabu cha hesabu hakiyajui.

Sayansi inafuata: kwa nini bamvua inakuja na mwezi mchanga na mwezi mpevu? Chuo Kikuu cha Colorado kina mradi unaoitwa PhET, ulioanzishwa 2002 na Carl Wieman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka mmoja kabla. Ni michezo ya sayansi ya kuchezea kwenye skrini, ya bure, na baadhi imetafsiriwa kwa Kiswahili. Kuna wa mvuto na mizunguko, unaonyesha jua, dunia na mwezi. Kuna wa vitu vinavyoelea na vinavyozama, na hakuna mtoto wa Likoni asiyewahi kujiuliza feri yenye malori vile inaelea vipi.

Jiografia: picha za setilaiti za Landsat, ambazo Marekani imekuwa ikizipiga tangu 1972, ziliachiwa bure kwa dunia nzima mwaka 2008. Google Earth ina filamu inayoziunganisha kuanzia 1984. Iweke Mombasa katikati na uache miaka ipite. Utaiona Kisauni ikijaa mabati kutoka mashambani kuelekea kaskazini. Utaiona bandari ikinyoosha mkono ndani ya maji, reli mpya ikifika Miritini mwaka 2017, barabara ya Dongo Kundu ikipasua kijani mwaka uliofuata. Utaona pia mikoko ilipopungua. Mwanafunzi ataanza kutafuta kwao, halafu swali la pili litakuja lenyewe: hapa palikuwa pa nani kabla?

Historia ndiyo inayojibu swali hilo, au inayojaribu. Chuo Kikuu cha Northwestern kina mkusanyo wa Winterton, picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960, zote mtandaoni. Reli ya Uganda ikijengwa imo humo. Na kwa watoto wa Changamwe, ambao baba na babu zao walibeba mizigo ya bandari na kufanya kazi kwenye reli, kuna Januari 1947. Mwezi huo maelfu ya wafanyakazi wa Mombasa waligoma kwa sababu ya mishahara na nyumba. Walikutana kila siku kwenye uwanja walioubatiza Kiwanja cha Maskini, wakaunda African Workers' Federation, na Chege Kibachia akaja kuwa kiongozi wake kabla ya kukamatwa na kupelekwa mbali mwaka huohuo. Kumbukumbu za mijadala ya bunge la Uingereza ziko wazi mtandaoni. Mwanafunzi aandike "Mombasa", achague 1947, asome vile watu wa London walivyokuwa wakituongelea. Kiingereza atajifunza humo humo.

Nimetaja masomo matano au sita na hatujatoka kwenye kivuko. Mtaala wa umilisi ulioanza kuingia shuleni 2017 unasema ndivyo inavyotakiwa, masomo yashikane. Lakini tunaujua ulivyofika nyumbani: mzazi kwenye saiba saa mbili usiku, akichapisha picha ya ng'ombe kwa rangi, shilingi kwa karatasi. Mtandao umegeuka pahala pa kununua kazi ya nyumbani. Hilo silo ninalosema. Picha ya ng'ombe haimfunzi mtoto wa Bombolulu chochote ambacho ng'ombe mwenyewe barabarani hamfunzi.

Sasa tuje kwenye ukweli mchungu. Wahenga walisema rahisi ghali, na bure nayo ina bei. Bando ndiyo bei yake. Mwaka 2020 shule zilifungwa katikati ya Machi. Madarasa matatu tu yalirudi Oktoba, na wengine wakangoja mpaka Januari 2021. Taasisi ya mitaala, KICD, ilirusha vipindi redioni na kwenye runinga, na masomo yakawekwa mtandaoni. Aliyekuwa na simu nzuri na bando alisoma. Aliyekuwa na simu moja ya mama, na mama ameenda nayo kibaruani, alicheza mpira. Masomo yalikuwa bure kwa wote wawili. Vilevile vishikwambi vya serikali vilivyoanza kugawiwa shule za msingi mwaka 2016 vilikuwa na mategemeo makubwa, lakini mashine bila mwalimu aliyeandaliwa ni sanduku la kufungiwa kabatini.

Kwa hiyo njia inayofaa huku kwetu ni ya kupakua mara moja na kugawa mara nyingi. Kuna programu inayoitwa Kolibri, imetengenezwa mahsusi kwa sehemu zisizo na intaneti. Unaijaza masomo, video na vitabu ukiwa penye mtandao, halafu kompyuta moja ndogo darasani inavirusha kwa simu na vishikwambi vilivyo karibu bila bando hata moja. Imetumika kwenye kambi za wakimbizi hapa Kenya. Kama inawezekana Kakuma, kwani Mshomoroni kuna nini? Na hata bila Kolibri, kadi ya kumbukumbu inapita mkononi. African Storybook ina hadithi za watoto kwa Kiswahili na lugha nyingine za Afrika, na leseni yake inakuruhusu kuzichapa, kuzinakili, hata kuzibadilisha. Hadithi moja ikichapwa saiba mara moja inasomwa na darasa zima mwaka mzima. Vijana tunaobeba filamu na nyimbo kwenye fleshi tunaijua kazi hii vizuri sana. Ni mzigo tu utakaobadilika.

Kuna tahadhari moja zaidi, nayo ni kubwa kuliko bando. Karibu kila kitu kilichobaki kuhusu Freretown ya mwanzo kiliandikwa na misheni, kwa ajili ya wafadhili wao kule Uingereza waliohitaji kusikia kwamba sadaka yao inafanya kazi. Picha za reli zilipigwa na waliokuwa na kamera, na tunajua ni akina nani. Kuwekwa mtandaoni hakuyafanyi maandishi hayo kuwa ya kweli zaidi. Kwa hivyo somo la kwanza la nyenzo za bure liwe maswali matatu: nani kaandika, kamwandikia nani, na nani hakuulizwa? Kisha uweke sauti nyingine kando. Mweke Mbotela. Mweke Muyaka bin Haji, mshairi wa Mvita wa kabla ya hao wote, ambaye tungo zake zilikusanywa na Mwalimu Sikujua akishirikiana na William Taylor wa CMS. Karatasi za Taylor ziko SOAS, London, na SOAS wameweka sehemu ya miswada yao ya Kiswahili mtandaoni kwa hati ya Kiarabu. Mtoto wa madrasa ya Kisauni anaweza kuisoma hati hiyo kuliko mwalimu wake wa historia. Fikiria siku hiyo darasani, yule anayeambiwa kila siku hajui kitu ndiye anayewasomea wenzake.

Na mwishowe, tusiwe watu wa kuchukua tu. Wikipedia ya Kiswahili inaandikwa na yeyote. Ramani ya OpenStreetMap inachorwa na yeyote, na vichochoro vya mitaa yetu vinasubiri wanaovijua majina. Waliozaliwa Freretown miaka ya 1940 wanazidi kupungua. Leonard Mambo Mbotela mwenyewe alituaga Februari 2025. Simu ileile inayopakua inaweza kurekodi. Mwalimu akiwapa wanafunzi 40 kazi ya kwenda kumuuliza mzee mmoja mmoja jina la mtaa wake lilitoka wapi, wiki ijayo atakuwa na vyanzo 40 ambavyo havimo kwenye maktaba yoyote duniani. Aviweke wazi, kwa leseni ya bure, kwa Kiswahili cha wenyewe, "ndia" ikiwa ndia. Siku moja mtu wa mbali atavitafuta, na safari hii atakuwa anasoma tulichoandika sisi.